Sumu Mbili Zinazokutana Bwawani



Nimeombwa nizungumzie maji ya mabwawa ya uani. Nitazungumzia zaidi siku ile ambayo mfugaji, kwa nia njema kabisa, anawaua samaki wake kwa mpira wa maji. Kisa chenyewe mnakijua. Bwawa liko nyuma ya nyumba, la saruji au la turubai, lina perege au kambale. Samaki wanasusa chakula, wanapanda juu wanahema. Mwenye bwawa anatoa nusu ya maji, anafungua koki ya maji ya bomba, anajaza, kisha anakwenda kulala roho yake imetulia. Kukipambazuka samaki wanaelea matumbo juu. Hapo lawama huenda kwa mamlaka ya maji, au kwa aliyeuza vifaranga, au kwa jirani mwenye kijicho.

Mimi nasema jirani hana kosa, na bomba lina kosa nusu tu. Bwawa lilikuwa na sumu yake, amonia. Bomba lilikuwa na dawa yake, klorini. Kila moja ikiwa peke yake tiba yake si ngumu. Zikikutana ndani ya maji yenye samaki zinazaa kitu cha tatu, kloramini, ambacho ni kigumu kukiondoa kuliko klorini yenyewe. Na katika tendo hilohilo la kubadilisha maji kuna mtego mwingine usiohusiana na klorini hata kidogo. Nitaufikia.

Tuanze na amonia, maana hiyo tunaimwaga wenyewe kila siku kwa kopo la chakula.

Binadamu akila nyama au maharage, nitrojeni inayobaki mwilini huitoa kwenye mkojo ikiwa urea. Samaki wengi wa maji baridi hawajisumbui hivyo. Wanaitoa ikiwa amonia, na sehemu kubwa inapitia kwenye matamvua, palepale wanapovutia hewa. Kwa hiyo hata bwawa likiwa safi kwa macho, bila kinyesi kuonekana chini, amonia inaingia majini saa zote, na inaongezeka saa chache baada ya mlo. Chakula kinachooza chini kinaongeza yake.

Kiasi chake kinakadirika bila maabara. Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30 huzaa takriban gramu 28 za amonia, ikihesabiwa kama nitrojeni. Tuchukue bwawa la mita 5 kwa 2, kina mita 1: lita 10,000. Humo tuweke perege 200 wenye gramu 150 kila mmoja, yaani kilo 30 za samaki. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito wao, ni gramu 900 za chakula kwa siku, na hizo zinatoa kama gramu 25 za amonia. Gawanya kwa ujazo wa maji: miligramu 2.5 kwa kila lita, kwa siku moja, kama hakuna kitu kinachoiondoa. Kesho nyingine 2.5. Watu huniuliza ni dawa gani ya kumaliza amonia, nami huwauliza kwanza wanalisha kilo ngapi. Wengi hawajui. Wanalisha mpaka samaki waache kula, kisha wanaongeza kidogo kwa huruma.

Sasa, amonia iliyo majini ina sura mbili. Sura moja ina chaji ya umeme, inaitwa amoniamu, nayo haipenyi kwa urahisi kwenye matamvua. Sura ya pili ni amonia huru, gesi iliyoyeyuka, na hiyo inapenya kirahisi na kuingia kwenye damu na ubongo. Sura hizi zinageukageuka, na vitu viwili vinaamua ipi iwe nyingi: joto la maji na pH yake. Vipimo vingi vya dukani vinasoma zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo namba unayoiona kwenye kichupa haijakwambia hatari bado. Kwenye maji ya nyuzi 28, ambayo ni kawaida sana pwani, pH ikiwa 7 sehemu iliyo huru haifiki hata asilimia 1. Ikiwa 8, ni asilimia 6.5. Ikiwa 9, ni asilimia 41. Zile miligramu 2.5 za bwawa letu zinatoa amonia huru chini ya 0.02 kwenye pH ya 7, na zaidi ya miligramu 1 kwenye pH ya 9. Maji yaleyale, samaki walewale. Kufikia 0.05 matamvua ya samaki wengi huanza kudhurika polepole. Perege na kambale wanavumilia zaidi ya hapo bila kufa, ila kuvumilia huko si kunenepa: samaki anakula, hakui, na mfugaji analaumu mbegu.

Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vingi vinalipita haraka. pH ya bwawa haitulii. Maji ya kijani yamejaa mwani, na mwani ukipata jua unakula kaboni dayoksaidi, pH inapanda. Usiku mwani nao unapumua kama sisi, unarudisha kaboni dayoksaidi, pH inashuka. Bwawa la kijani kibichi linaweza kuamka na pH ya 7 na kufika 9 saa 10 alasiri. Mtu anayepima asubuhi tu, kabla ya kwenda kazini, anapata jibu zuri kila siku na samaki wanaendelea kudhoofu. Pima alasiri. Kama una vipimo vichache, pima alasiri peke yake.

Bwawa jipya la saruji ni kesi nyingine. Saruji mbichi inatoa chokaa, na maji ndani yake yanaweza kupita pH ya 10. Fundi akikabidhi Ijumaa na wewe ukaweka vifaranga Jumapili, hata amonia kidogo mno inakuwa sumu kamili, na pH ya namna hiyo inawachoma samaki hata bila amonia. Jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia, mpaka pH itulie. Wengine huosha kuta kwa siki, na inasaidia. Ni kwa sababu hiyohiyo nawaomba msimwage chokaa kwenye bwawa lenye samaki kwa kuwa tu kuna mtu amesema chokaa inasafisha. Chokaa ni ya bwawa tupu, kati ya mavuno na kupandikiza. Ukiimwaga juu ya samaki wenye amonia, unaigeuza ile amoniamu iliyokuwa imelala ikawa gesi.

Mtaniruhusu nichepuke kidogo kwenda Ziwa Magadi, kule Kenya, kwa sababu kuna samaki kule anayeonyesha tatizo hili vizuri kuliko mchoro wowote. Maji ya Magadi yana pH ya karibu 10, na kwenye chemchemi zake yana moto wa kumfanya mtu atoe mguu haraka. Kwenye maji ya aina hiyo samaki wa kawaida hawezi kabisa kutoa amonia kupitia matamvua. Inabaki mwilini na kumuua. Yupo hata hivyo perege mdogo anayeishi humo. Mwaka 1989 watafiti, miongoni mwao David Randall na Chris Wood, walitangaza kwamba samaki huyu anatoa nitrojeni yake yote ikiwa urea, kama sisi. Kamongo naye, yule anayejizika kwenye tope la ukingo wa Ziwa Viktoria maji yakikauka, anahifadhi urea mwilini miezi yote ya ukame ili asijitie sumu. Perege wa uani kwako hana ufundi huo. Pale pH inapopanda, yeye amekwama.

Sasa tugeukie bomba.

Klorini kwenye maji ya bomba si uchafu wala uzembe. Ndiyo inayozuia kipindupindu kisipite kwenye mfereji kwenda nyumba hadi nyumba. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na klorini huru isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Wakati wa mlipuko kiwango hupandishwa, na maji ya boza yanaweza kutiwa mpaka miligramu 2 yanapojazwa. Sasa linganisha na samaki. Mwaka 1984 wakala wa mazingira wa Marekani uliweka kikomo cha klorini kwa viumbe wa maji baridi: mikrogramu 19 kwa lita kwa wastani wa saa moja, na 11 kwa wastani wa siku nne. Maji yenye kile kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kwa binadamu, mikrogramu 200, yanazidi kikomo cha samaki mara 10. Kwa hiyo maji ya bomba yenye kiwango hicho cha klorini, ingawa ni salama kwa binadamu, si salama kumwagwa moja kwa moja kwenye bwawa. Anayewaambia maji ya mtaa wake hayana klorini, ama anakosea, ama anakunywa maji ambayo mimi nisingeyanywa.

Klorini huru inaunguza matamvua. Kloramini inakwenda mbali zaidi: inapita kwenye matamvua bila kuyaharibu sana, inaingia kwenye damu, na huko inaigeuza himoglobini ikawa aina isiyobeba oksijeni. Samaki anazama katikati ya maji yenye hewa tele. Ni kwa sababu hiyo hospitali zinazosafisha damu ya wagonjwa wa figo hulazimika kuondoa kloramini yote kwenye maji ya mashine zao.

Kuna miji inayotia kloramini kwenye maji yake kwa makusudi. San Francisco ilihama kutoka klorini kwenda kloramini Februari 2004, na kabla ya hapo iliyaonya makundi mawili ya watu hasa: vituo vya figo na wenye samaki. Sababu ya miji kama hiyo kuhama ni ugunduzi wa mwaka 1974 wa Johannes Rook, mkemia wa maji wa Rotterdam, kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na tope inatengeneza misombo kama klorofomu. Kloramini inatengeneza michache zaidi, na inadumu muda mrefu kwenye mabomba marefu. Mwenye ndugu San Francisco anayefuga samaki wa mapambo nyuma ya nyumba amtumie ujumbe: kuacha maji yakae ndoo usiku mmoja, kama mababu wa akwaria walivyofundisha, hakumsaidii tena.

Kwetu Afrika Mashariki dawa ya kawaida ni klorini. Lakini msilale. Mto unaobeba kinyesi cha ng'ombe na maji ya vyoo unabeba amonia, na klorini ikitiwa kwenye maji yenye amonia, kloramini inatokea hata kama mtambo haukukusudia. Kuiondoa kwa klorini yenyewe kunahitaji uzito wa klorini unaokaribia mara 8 ya uzito wa nitrojeni ya amonia. Chini ya hapo kloramini inabaki. Na mahali ambapo hali hii inatokea kwa hakika, kila mara, bila kukosa, ni bwawani kwako. Klorini yako ni miligramu moja au chini yake, amonia yako ni miligramu mbili au tatu. Uwiano huo hauwezi kuvunja kitu. Chini ya dakika moja, klorini ambayo ingepeperuka kwa jua imefungwa kwenye amonia na kuwa kloramini, ambayo itakaa siku nyingi.

Mtu ataniuliza: mbona mimi najaza hivyohivyo mwaka wa pili na samaki wako hai? Swali la haki. Tope na mwani vinakula sehemu ya klorini kabla haijamfikia samaki, na ukijaza kidogokidogo, vinaimaliza. Bwawa chafu linakulinda. Halafu inakuja siku bomba kuu limepasuka mtaa wa pili, mafundi wameliunganisha na kulisafisha kwa klorini nyingi, nawe siku hiyo ndiyo umeamua kubadilisha nusu ya maji.

Sasa ule mtego niliouahidi. Bwawa la siku nyingi, lenye samaki wengi, huwa linashuka pH. Bakteria wanaogeuza amonia wanatumia ualkali wa maji, na usipourudisha, pH inashuka mpaka 6.5, na hapo bakteria wenyewe wanalegea. Amonia inapanda, tuseme miligramu 8. Kwa pH ya 6.5 na nyuzi 28, iliyo huru ni kama 0.018 tu. Samaki hawana furaha, lakini wanaishi. Mwenye bwawa anapima, anaona 8, anashtuka, anabadilisha nusu kwa maji ya bomba au ya kisima kirefu yenye pH ya juu. Amonia imeshuka hadi 4, naye anajipongeza. Lakini pH ya mchanganyiko imepanda, tuseme 7.8, na kwa pH hiyo amonia huru ni 0.17. Amepunguza amonia kwa nusu na ameongeza sumu zaidi ya mara 9. Hakukuwa na tone la klorini kwenye hesabu hiyo. Weka na klorini sasa, na kisa nilichoanza nacho kimeeleweka.

Tiba, basi.

Maji mapya yatibiwe kabla hayajaingia bwawani. Kwa klorini huru tupu, tangi wazi lenye kupata jua na maji yanayoporomoka kutoka juu linatosha kwa siku moja hadi mbili. Nimesema tangi wazi. Simtanki jeusi lenye kifuniko halipati jua wala upepo, na klorini inaweza kubaki humo siku nyingi. Watu wengi wanaamini wameyalaza maji kumbe wameyafungia. Asiyetaka kubahatisha atumie sodiamu thayosalfeti, fuwele nyeupe ambazo wapiga picha wa zamani walizitumia kukazia picha katika chumba cha giza. Zinauzwa na wauza kemikali, ni nafuu, na hazina madhara kwa samaki kwa viwango hivi. Miligramu 7 za fuwele zinaua miligramu 1 ya klorini. Simtanki la lita 5,000 lenye klorini ya miligramu 1 kwa lita lina gramu 5 za klorini, kwa hiyo unahitaji gramu 35. Mimi ningeweka 70, kwa sababu sijui leo mtambo umetia ngapi, na ziada hiyo haidhuru. Yeyusha kwanza kwenye ndoo, mimina, koroga, na kazi imekwisha ndani ya dakika chache. Vitamini C ya unga nayo inafanya kazi, miligramu 2.5 kwa kila miligramu ya klorini, ila ni asidi: kwenye maji yenye ualkali mdogo itavuta pH chini.

Kama maji yana kloramini, thayosalfeti inaivunja vilevile, lakini inavunja nusu ya tatizo. Inashika klorini na kuiachia amonia. Maji yenye kloramini ya miligramu 3 yakitibiwa hivyo yanabaki na amonia ya miligramu 0.6 hivi. Kwa bwawa lenye chujio linalofanya kazi hiyo si kitu. Kwa tangi la vifaranga lenye pH ya 8.5 ni jambo la kufikiria. Ziko dawa za chupa, zilizotengenezwa kwa ajili ya akwaria, zinazoshika klorini na amonia kwa pamoja, na kwa tangi dogo zinafaa. Kwa bwawa la lita 10,000 nadhani ni fedha inayotupwa majini, isipokuwa kwa dharura. Mjue pia kwamba baada ya kuzitumia, kipimo cha amonia kinachogeuka njano, cha Nessler, kitawadanganya. Tumieni kile kinachogeuka kijani.

Na mtajuaje kama bomba lenu lina kloramini? Maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea yanauza kipimo cha vidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Chukueni kile chenye vidonge vya aina mbili, kimoja kinasoma klorini huru na cha pili kinasoma klorini yote. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kloramini. Pimeni bombani, kisha pimeni bwawani saa moja baada ya kujaza. Hiyo ya pili ndiyo itakayowashangaza.

Kwa amonia iliyokwisha kuwamo bwawani, dawa ya kwanza ni kuacha kulisha. Siku mbili bila chakula perege mkubwa hazimdhuru, na zinakata chanzo. Dawa ya kudumu ni bakteria. Sergei Winogradsky aliwatenga mwishoni mwa karne ya 19: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa wingi. Hawa bakteria wanakaa juu ya vitu: kokoto, vipande vya mabomba ya plastiki, vifuniko vya chupa vilivyotobolewa, chochote chenye uso mwingi ambacho maji yanapita juu yake. Pipa la lita 200 lililojazwa vitu hivyo, na pampu ndogo isiyozimwa, linafanya kazi kubwa. Huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Ukileta ndoo ya kokoto kutoka kwenye chujio la mwenzako lenye afya unafupisha muda huo. Usizisafishe kokoto hizo kwa maji ya bomba. Umesubiri wiki sita, unawaua bakteria kwa dakika tano.

Bakteria hawa wana ulafi wa aina mbili. Kila gramu ya amonia wanayoigeuza inataka gramu 4.57 za oksijeni. Zile gramu 25 za bwawa letu zinataka gramu 114 kwa siku, wakati lita 10,000 za maji ya nyuzi 28, zikiwa zimeshiba hewa kabisa, zinabeba kama gramu 78. Samaki hawajavuta pumzi yao bado. Anayesema ana chujio lakini hana pampu ya hewa, au walau maji yanayoanguka kwa nguvu kutoka juu, ana pipa la kokoto. Ulafi wa pili ni wa ualkali. Bwawa linalotegemea chujio peke yake, kwa ulishaji ule wa gramu 900, linaweza kuhitaji gramu 200 hadi 300 za baikaboneti ya soda kwa siku ili pH isiporomoke. Ni ile soda ya kuumulia mikate. Si magadi ya kulainishia maharage, tafadhali, ingawa yanauzwa meza moja sokoni: magadi yana kaboneti nyingi, na yanaipandisha pH kwa kasi inayofanya yale yale ya chokaa.

Chujio likiwa changa, nitriti inaweza kupanda kabla ya kundi la pili la bakteria kukua. Damu ya samaki inakuwa ya kahawia, na ukifunua tamvua unaiona rangi hiyo. Hapo chumvi ya kawaida inasaidia, gramu 1 kwa lita, kwa kuwa kloridi inaishindania nitriti mlango wa kuingilia. Lakini kama umeweka zeolaiti kwenye chujio kunyonya amoniamu, itoe kwanza. Chumvi inaifanya zeolaiti itapike kila ilichonyonya.

Dharura yenyewe ikitokea, angalia saa kabla ya kushika mpira. Samaki wakihema saa 11 alfajiri na kupata nafuu jua likipanda, shida ni oksijeni. Washa hewa, punguza samaki. Wakiwa wabaya alasiri, pH iko juu, maji ya kijani, shida ni amonia. Acha kulisha, weka kivuli, ingiza hewa, badilisha maji kidogokidogo, sehemu ya kumi kwa siku, kwa maji yaliyotibiwa. Wakianza kurukaruka na kutoa ute dakika chache baada ya kujaza, funga koki na umimine thayosalfeti ya kutosha maji yote mapya yaliyokwisha kuingia, halafu ndiyo uanze kutafuta sababu. Kwa kambale kuweni waangalifu na ishara hizi, maana yeye kupanda juu kuvuta hewa ni tabia yake hata akiwa mzima. Mtazameni ngozi, ute na mwendo.

Maji mnayoyatoa yamwagieni mchicha au migomba. Yana nitrojeni mliyoinunua kwa bei ya chakula cha samaki, na mimea haichagui amonia wala nitrati. Bomba la kutolea lifungwe wavu wenye matundu madogo, kwa sababu kifaranga wa sato, yule perege wa kufugwa, anapita mahali ambapo kidole hakipiti, na mitaro yetu mingi inaishia mtoni, ambako sato wa mabwawani wamekwisha kuchanganyika na perege wa asili katika mito kadhaa ya Afrika Mashariki. Nitapokea maswali, na aliyekuja na chupa ya maji ya bwawa lake aisogeze hapa mbele. Vidonge ninavyo.